Ndovu Aliyerudi Posta

Nyani akikwea mti, walio chini huona kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiona hata ajipinde namna gani. Wala hajipindi. Yeye kazi yake ni kumcheka nyani wa tawi la juu. Binadamu naye ana tabia hiyohiyo: aibu ya mwenzake huiona ingali mbali, ilhali yake ameikalia. Anayebisha na asikilize yaliyompata Mwanzia wa mtaa wa Lucky Summer.

Mwanzia alikuwa mchonga vinyago, mwana wa mchongaji na mjukuu wa mchongaji. Katika kibanda cha mabati, yeye na wenzake wanane walichonga twiga, vifaru na ndovu, wakawauzia watalii mjini. Mtalii alinunua leo na kesho akapanda ndege. Kama kinyago kilikuwa na kasoro, aliigundua akiwa kwao, na malalamiko yake yakafia hukohuko.

Mwaka wa 1998 watalii waliadimika kama maziwa ya kuku. Kibanda kizima kilimaliza miezi mitatu bila kuuza hata twiga wa kuchezea mtoto. Ndipo Celine, binti wa jirani yake wa zamani katika mtaa wa Ziwani, alipomwonea huruma. Celine alifanya kazi mjini katika ofisi iliyokuwa na kompyuta zilizounganishwa na mtandao. Alipiga picha za vinyago, akazitundika kwenye mtandao huo, na haukupita muda mrefu Bi Marijke, mwenye duka kule Uholanzi, akaandika. Alitaka ndovu mmoja wa mpingo wa kujaribia, akatuma na malipo yake kabisa. Akiridhika, angeagiza ndovu sitini wa kuuza wakati wa Krismasi. Ndovu sitini ilikuwa kazi ya watu tisa hadi mwisho wa mwaka, na hakuna aliyelala siku hiyo bila kuwahesabu ndovu hao kichwani.

Mwanzia akachonga, akafunga, akatuma. Baada ya majuma matatu Celine alimwita ofisini akamsomea barua pepe iliyotoka kwa Bi Marijke. Ndovu alikuwa amepasuka mgongoni, na weusi wake ulikuwa ukibaki mikononi mwa kila aliyemshika. "Huu si mpingo," mama huyo aliandika. "Ninamrudisha kwa posta. Tafadhali nitumie mwingine."

Mwanzia alipandwa na hasira hadi masikio yakamwaka moto.

"Huyo ni mwizi," alisema. "Ndovu wangu amemficha, sasa ataniletea takataka aliyookota huko na kudai mwingine wa bure. Tangu lini mpingo ukatoa rangi?"

"Huenda ni hivyo, mzee," Celine alimjibu. "Lakini si tungoje kifurushi kifike tukione kwanza?"

"Ningoje nini? Nimeanza kuchonga kabla hujazaliwa. Andika ninavyokwambia."

Celine akaandika. Mwanzia alimwita Bi Marijke mwizi, akamwita mwongo, akamwambia kwamba ujanja wake wa kubadilisha vinyago unajulikana hata na watoto wa mitaa ya Eastlands. Celine aliacha mikono juu ya mapaja.

"Mzee, hii si karatasi tutakayoipasua. Nikibonyeza hapa, maneno yamekwenda."

"Na yaende."

Akabonyeza.

Kibandani wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Kivuva, aliyewazidi wote umri, alisema kumbe hata Ulaya kuna wakora. Muindi akaapa kwamba yule mama amemchezea Mwanzia shere mchana kweupe. Mwanzia alizipokea pole hizo kwa raha fulani, kwa maana mtu akiamini kwamba amedhulumiwa hupata utamu wake.

Kifurushi kilipowasili, Mwanzia alikwenda posta pamoja na Kivuva na Celine wawe mashahidi wake. Karani wa vifurushi, Okumu, alikipima uzito kikiwa kingali kimefungwa, kisha akakata kamba mbele yao. Ndovu mweusi akatoka. Mgongoni alikuwa na ufa wa kuingiza kidole, na ndani ya ufa ule mti ulikuwa mweupe kama unga wa ugali.

"Mmejionea wenyewe," Mwanzia alisema kwa sauti ya ushindi. "Wangu alikuwa wa mpingo. Huyu simjui."

"Una risiti ya siku uliyotuma?" Okumu aliuliza.

Mwanzia akampa. Okumu aliitazama risiti, akautazama mzani. "Kilienda kilo tatu, kimerudi kilo tatu. Mimi si fundi wa vinyago. Hebu niambieni, ndovu wa mpingo wa kimo hiki huwa na uzito gani?"

Kila mchongaji anajua kwamba mpingo ukitiwa majini huzama kama chuma, na ndovu wa kimo kile angezidi kilo tatu kwa mbali. Kivuva alimgeuza ndovu miguu juu. Chini ya wayo wa nyuma kulikuwa na alama tatu za patasi, alama ambazo Mwanzia huzitia kwenye kila kazi yake.

"Mwanzia," alisema polepole, "huu si ule mjakaranda mbichi ulioutoa mtaani Baba Dogo?"

Hapo Mwanzia akakumbuka. Rafuni kulikuwa na ndovu wawili, mmoja wa mpingo na mmoja wa mjakaranda, mti mweupe na mwepesi, na wote aliwapaka rangi ya viatu kama wachongaji wote walivyozoea, wakawa kama pacha. Siku ya kufunga kifurushi alimchukua yule mwepesi, akafurahi kwamba stempu zitakuwa chache. Hakukusudia kudanganya. Ila miaka thelathini ya kupaka ilikuwa imemzoesha kuita mpingo kila kitu cheusi.

"Kila mtu hupaka," alinong'ona.

"Kila mtu hupaka," Kivuva alikubali. "Lakini si kila mtu humwita mnunuzi mwizi."

Alasiri hiyo Mwanzia alimsihi Celine aandike tena. Aliungama yote, akaomba radhi, akaahidi kumtumia ndovu wa mpingo bila malipo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Bi Marijke alishukuru kwa kuambiwa ukweli. Kosa la mti angelisamehe, aliandika, kwa kuwa hata fundi hodari hukosea. Asichoweza ni kufanya biashara na mtu aliyemwita mwizi kabla hata ya kufungua kifurushi. Ndovu sitini alikuwa amekwisha kuwaagiza kwingine.

Wenzake walikuwa wakimngoja kibandani, patasi zimenolewa.

"Agizo limepotea," Mwanzia aliwaambia.

"Yule mama ametuibia tena?" Muindi aliuliza.

"Hakuiba hata siku moja." Mwanzia aliona haya kuwatazama usoni, lakini alijilazimisha. "Mimi ndiye niliyemtumia mjakaranda nikamwambia ni mpingo. Halafu nikamtukana. Krismasi yenu nimeila mimi."

Muindi akaiweka tezo yake chini, akavaa koti, akatoka kwenda kutafuta kibarua mtaani Baba Dogo. Mmoja baada ya mwingine, wengine wakamfuata.

Kweli, nyani haoni kundule.