Mtoto Aliyekatazwa Kusema "Njoo"

Paukwa!

Pakawa!

Mlango!

Umefungwa!

Komeo!

Limeshuka!

Basi sogeeni huku kwangu. Na wewe uliyekaa kizingitini, ingia ndani. Hadithi hii si ya kukaa mgongo nje.

Hapo kale, kando ya mto, palikuwa na mume na mke. Mume akiitwa Faki, mke Mwanamkasi. Kazi yao mikeka. Faki akikata ukindu porini, Mwanamkasi akisuka ukili na kushona. Watu wa kawaida kabisa, kama mimi na nyinyi. Uganga hawaujui, uchawi hawaujui, hata ndoto ya maana hawajapata kuota.

Wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, wakamwita Kibibi. Na Kibibi alizaliwa na jambo lake: akikiambia kitu "njoo," kinakuja.

Siku moja akaliambia papai lililo juu mtini, "Njoo." Papai likashuka lenyewe, likabingirika mpaka miguuni pake. Baba mtu akacheka.

Siku moja akaiambia ndoo iliyozama kisimani, "Njoo." Ndoo ikapanda na maji yake, bila kamba. Baba mtu akacheka tena. Mwanamkasi hakucheka.

Siku moja Kibibi alikuwa mtoni, akamwona mtoto mwenziwe yuko ng'ambo. Akamwambia, "Njoo tucheze." Basi yule mtoto akaja. Akatembea juu ya maji, macho wazi, haoni, hasikii. Mama yake anamwita nyuma kwa mayowe, yeye anakuja tu. Alipokanyaga mchanga ndipo akazinduka, akaangua kilio.

Mwanamkasi alikuwa hapo anaosha vyombo. Aliacha sufuria, akaacha masahani, akamnyakua Kibibi mbio mpaka nyumbani, akafunga mlango, akampaka pilipili mdomoni.

"Neno hilo lisikutoke tena! Unasikia? Lisikutoke! Lisikutoke!"

Faki aliporudi akamkuta mtoto midomo imevimba.

"Mke wangu, mtoto hufunzwa, hatishwi."

"Haya, mfunze! Utamfunza nini? Wewe unajua ukindu, mimi najua ukili. Kwenu hakuna aliyezaliwa hivi, kwetu hakuna. Tutamuuliza nani?"

Faki akachukua maji, akamwosha mtoto midomo.

"Mimi namwogopea mwanangu," akasema Mwanamkasi. Ndivyo alivyosema.

Basi Kibibi akanyamaza. Alinyamaza kweli, maana hakujua neno lipi lina hatari na lipi halina. Akitaka maji, ananyoosha kidole. Akitaka mama, anakuja mwenyewe kumshika kanga.

Sasa, nchi ile ilikuwa na zimwi.

Bi Hidaya alikwenda kuni, hakurudi. Mzee Shomvi alimfuata mbuzi wake, hakurudi, wala mbuzi hakurudi. Somoe, bibi harusi wa juzi tu, alikwenda kuoga mtoni, hakurudi. Matanga yakakaliwa bila maiti. Mwanamkasi alikaa yote, akalia na wafiwa, na kila akilia alimtazama Kibibi kwa jicho la pembeni.

Watu walijua hivi: zimwi njiani humeza, lakini nyumbani haliingii mpaka likaribishwe. Likipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, sharti liondoke.

Nakuona unacheka, unasema, jambo rahisi, usijibu! Rahisi kwako wewe usiye na adabu. Watu wale hodi waliinyonya na maziwa ya mama. Mgeni apige hodi ya tatu, nyumba inyamaze? Aibu hiyo ungeisikia mpaka kaburini.

Siku moja Faki akaenda kukata ukindu tangu asubuhi. Adhuhuri ikafika, hakurudi. Alasiri ikafika, hakurudi. Wingu la mvua likatanda, mvua ikaanza, nyumba ikaingia giza, na Mwanamkasi kila mara anaweka ukili chini, anachungulia njia.

Mara, mlangoni:

"Hodi!"

Sauti ni ya Faki. Na Faki alikuwa na ada hiyo, hata kwake mwenyewe haingii bila hodi. Mwanamkasi akafungua kinywa ajibu, kisha akakifunga. Sauti ile ilikuwa ya Faki, lakini ilitoka mbali, kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi.

"Hodi!"

Kibibi akaikamata kanga ya mama, akatikisa kichwa. Mwanamkasi akamkumbatia. Roho ikawa inamwambia mambo mawili. Huyu ni mume wangu, ananyeshewa. Huyu siye.

"Hodi wenyewe! Jamani, hamnisikii?"

Ulimi nao una mazoea yake.

"Karibu," akasema Mwanamkasi.

Alilisikia neno likitoka, akajipiga kofi mdomoni. Lakini neno likishatoka halirudi. Mlango ukafunguka, zimwi likaingia kwa kuinama, likajaa chumba kizima. Lilinuka matope na nywele za kuungua. Likaketi juu ya mkeka, likanyoosha miguu.

"Ahsante kwa makaribisho," likasema, sasa kwa sauti yake yenyewe. "Watu wa nyumba hii mna adabu. Mwenye nyumba nimekutana naye njiani, yumo humu." Likajipiga tumbo.

Mwanamkasi akazidi kumkumbatia Kibibi.

"Usihangaike, mama. Wewe sikujii, umekonda. Nimemfuata huyu binti. Bi Hidaya alinihadithia habari za mtoni kabla sijammeza, alidhani nitamwacha. Mimi nimezeeka, miguu inaniuma, kuwinda siwezi tena. Nitamchukua binti nikae naye. Yeye ataita, mimi nitakula. Anza, binti. Ita jirani mmoja, nione."

Kibibi akabana midomo.

"Ita!"

Kibibi akabana midomo.

"Ita, nimekwambia!"

Kibibi akabana midomo, akaiziba kwa mikono miwili. Na macho yake, jamani, hayakulitazama zimwi. Yalimtazama mama.

Zimwi likaghadhibika. Likamkamata Mwanamkasi mkono, likautia kinywani mpaka kiwikoni. "Ita watu, au namla mama yako kipande kipande mbele yako!"

Mwanamkasi aliona meno, akaona ulimi, akajua amekwisha. Asipoita mtoto, ataliwa yeye. Akiita, wataliwa majirani, na mwanawe atakuwa mtumwa wa zimwi maisha. Na hapo hapo, mkono wake umo kooni mwa zimwi, vidole vyake vikaguswa na vidole vingine. Viko chini, ndani, vya moto, vina sugu za kukata ukindu. Vikambana.

Faki yu hai!

"Kibibi!" akalia. "Sema!"

Mtoto akatikisa kichwa. Kwa sauti ndogo ya kukwaruza akasema, "Mama, umenikataza."

"Nilikukataza mimi, na mimi nakufungulia. Sema, mwanangu! Mwite baba yako!"

Zimwi lilicheka, mkono ungali kinywani. Kibibi akaondoa mikono mdomoni.

"Baba, njoo."

Tumbo la zimwi likanguruma. Zimwi likaacha kucheka.

"Baba, njoo!"

Tumbo likavimba, likapanda kifuani. Zimwi likautema mkono wa Mwanamkasi, likashika taya zake kwa mikono miwili lizifunge.

"Baba, njoo!"

Taya zikaachana, Faki akatoka kichwa, akatoka mabega, akaanguka mkekani ameloa, anakohoa.

"Usiache!" akasema Mwanamkasi. "Yumo Bi Hidaya! Yumo Mzee Shomvi! Yumo Somoe!" Akayataja majina yote aliyoyalilia matangani, na kila jina Kibibi akaliita, na kila aliyeitwa akatoka. Mzee Shomvi alitoka analalamika mbuzi wake yumo bado. Kibibi akamwita na mbuzi, naye akatoka.

Zimwi likabaki ngozi tupu, imekunjana juu ya mkeka. Faki akaikokota mpaka mtoni, maji yakaichukua.

Basi, mngetegemea furaha. Na furaha ilikuwepo, majirani wakaja mbio, hata wa ng'ambo, vigelegele vikapigwa, mvua inanyesha. Lakini nitawaambia kweli. Bi Hidaya alitoa ahsante yake akiwa amesimama nje, na alipopita karibu na Kibibi alijivutia kanga. Mama wa yule mtoto wa ng'ambo ya mto akamficha mwanawe nyuma yake. Mmoja mmoja wakaaga, wakaondoka upesi.

Kibibi akabaki amesimama katikati ya nyumba. Akamtazama mama yake.

"Mama, zimwi limekwenda. Mbona bado unatetemeka?"

Mwanamkasi akataka kusema ni baridi. Akataka kusema ni mkono unauma. Akashindwa kumdanganya.

"Naogopa, mwanangu."

"Unamwogopa nani?"

Faki akainua uso. Mwanamkasi akalia, machozi yakamwagika, akalisema alilolificha tangu siku ile ya mtoni.

"Nakuogopa wewe."

Kibibi akasogea, akamshika kanga.

"Hata mimi najiogopa, mama," akasema. "Kila siku."

Moyo wa Mwanamkasi ukavunjika palepale. Kumbe mtoto alikuwa na hofu hiyo hiyo, tena ameibeba peke yake, na mama ndiye aliyemfungia nayo ndani. Akamvuta, akampakata, mkubwa vile, miguu inagusa chini. Alikuwa bado anatetemeka, na mtoto anatetemeka. Hakumwachia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama ni tamu, gawaneni; kama ni chungu, niachieni mwenyewe. Na mafunzo yake ni haya: mtoto usiyemwelewa usimzibe mdomo. Kama unamwogopa, mwogope ukiwa umempakata.