Vita Huisha, Nywele Huota

"Vita huisha, nywele huota," alisema bibi Mwashi, akaendelea kupepeta mchele wake kana kwamba hakutamka neno.

Mihambo na dada yake Kabula walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Asubuhi ile Mihambo alikuwa amerudi kutoka mjini na habari njema. Amekubaliwa jeshini, na ameulizwa angependa afundishwe kazi gani huko. Kuna ufundi wa magari, kuna kutibu majeruhi, kuna kujenga madaraja. Yeye hakutaka kusikia hata moja. Alitaka bunduki na kofia ya chuma, basi. Bibi alikuwa amemuuliza swali dogo tu, "Na ukirudi?" Mihambo akajibu kwamba mambo ya kurudi atayafikiri akirudi. Ndipo bibi akaitoa methali yake.

"Bibi, nywele na jeshi wapi na wapi?" Mihambo aliuliza.

"Sogezeni vigoda. Methali haiokotwi njiani kama kuni. Hii ina kwao, na ina mwenyewe aliyeisema mara ya kwanza. Sikilizeni ilivyozaliwa."

Basi, zamani za watemi, katika utemi mmoja mdogo wa Unyamwezi, kulikuwa na desturi ya kuchagua kazi za vita. Mtemi akitaka jeshi, wazee walitandika ngozi za ng'ombe uwanjani na kupanga juu yake vifaa vyote: mikuki mbele, kisha ngao na pinde, kisha baragumu na vyungu vya kupikia, na pembeni kabisa wembe mmoja. Vijana walisimama mbali, kule kwenye kichuguu. Ngoma ikilia, wanakimbia. Utakachokiwahi ndicho kazi yako. Wenye mbio walichukua mikuki, waliofuata walichukua ngao na pinde, na mwenye pumzi fupi aliangukia chungu, akachekwa mpaka mavuno.

Wembe haukukimbiliwa na mtu. Ulikuwa wa mzee Kapaya, kinyozi wa jeshi. Nanyi msimdharau kinyozi wa jeshi, maana katika nchi ile nywele zilizoota vitani hazikuingia mlangoni. Askari akirudi, hata awe shujaa wa namna gani, alikaa mtoni mpaka anyolewe, na wembe wa kumnyolea sharti uwe umekwenda naye vitani. Kabla ya hapo mama hakumkumbatia mwanawe, wala mke hakumpakulia mumewe. Ila mikono ya mzee Kapaya ilianza kutetemeka kabla meno yake hayajaanza kung'oka. Yale makovu yaliyojaa vichwani mwa mashujaa wa nchi ile, msiulize ni adui gani aliyeyatia.

Katika kijiji kimoja alikuwako binti aitwaye Nyamizi. Alikuwa mtu wa kutazama. Wenzake wakimwaga maneno kama mtama, yeye alisema moja, na hilo moja amekwisha kulipima. Alipendana na Lugendo, kijana wa palepale kijijini, na baba yake Nyamizi, mzee Igunza, alijua lakini alikuwa hajasema ndiyo. Mzee Igunza alikuwa askari wa mkuki enzi za ujana wake, naye alitaka mkwe wa mkuki.

"Mwanamume ni mkuki," alipenda kusema, huku akijipapasa makovu ya kichwani.

Na mkuki wake mwenyewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umefunga mlango wa banda la kuku. Nyamizi ndiye aliyeuchomoa kila asubuhi ili kuku watoke, na ndiye aliyeurudisha jioni. Miaka yote ya utoto wake hakuuona ukifanya kazi nyingine.

Mtemi alipotangaza kwamba anataka jeshi, kwa sababu ya ugomvi wa malisho na jirani yake, Lugendo alimkuta Nyamizi kisimani.

"Nichukue mkuki upi?" akauliza kwa furaha. Alikuwa na mbio kuliko vijana wote, na chaguo la kwanza lilikuwa lake.

Nyamizi akatua mtungi. "Watoto wakichomwa na miiba wanaletwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Wanalia?"

"Wakilia ni kwa kuogopa tu. Mwiba hawausikii unavyotoka."

"Mzee Kapaya amechoka," Nyamizi akasema. "Chukua wembe."

Lugendo akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Baba yako atanifungulia mbwa."

"Labda. Lakini mkuki wa baba naushika kila siku. Najua kazi yake."

Siku ya mbio ikafika. Ngoma ikalia, vumbi likatimka, na Lugendo akawa mbele ya wote. Watu wakampigia kelele, "Mrefu, Lugendo! Chukua ule mrefu!" Lugendo akaifikia mikuki, akairuka kama swala anavyoruka gogo. Akazipita ngao, akayapita mabaragumu, akainama pembeni kabisa. Aliponyanyuka alikuwa ameshika wembe.

Kicheko kikapasuka uwanjani hata ndege wakaruka kutoka mapaani.

Aliyekuwa wa pili, kijana mmoja kifua wazi aitwaye Kishosha, akaunyakua ule mkuki mrefu na kuuinua juu. "Lugendo, vumbi limekuingia machoni? Mikuki iko huku, ndugu yangu!"

Jemadari naye akamwonea huruma. "Kijana, umewahi kuliko wote. Nakuruhusu ubadilishe."

"Ahsante, mkubwa. Nimeshapata nilichokifuata."

Mzee Igunza akasimama, akakung'uta nguo yake ingawa haikuwa na vumbi. "Binti yangu haolewi na mkwangua vichwa," akasema, na hakulisema kwa kunong'ona. Kisha akamgeukia Kishosha. "Wewe ukirudi, njoo kwangu moja kwa moja."

"Mzee, nitaingia kwako kabla sijaingia kwa mama yangu!"

Nyamizi alisikia yote akiwa kati ya wanawake. Alitamani ardhi ipasuke. Watu walimcheka Lugendo, na hakuna aliyejua kwamba neno lile lilikuwa lake. Kama alikuwa amekosea, basi alikuwa amempoteza mchumba kwa mdomo wake mwenyewe, yeye ambaye mdomo wake ulikuwa haufunguki ovyo.

Jeshi likaondoka, na mzee Kapaya akabaki nyumbani akiota jua. Vita vyenyewe, wajukuu zangu, vilikuwa vya kelele zaidi kuliko vya mikuki. Majeshi mawili yalikaa huku na huku ya bonde moja, yakitukaniana mama, yakirushiana mishale jioni na kuiokota asubuhi. Waliojeruhiwa hawakukosa, na Lugendo aliwanyoa pembezoni mwa vidonda ili dawa ishike, akatumbua majipu, akatoa miiba. Mvua zilipokaribia kila upande ukakumbuka mashamba. Watemi wakaketi, wakagawana malisho, na ili wasije wakagombana tena mmoja akamwoza mwenzake binti yake.

Habari ikafika kwamba jeshi liko mtoni. Wanawake wakachukua vyakula, wakaenda kusimama ng'ambo ya huku kama ilivyo desturi, wakiwatazama wanaume wao na wasiweze kuwagusa. Na wanaume wenyewe walikuwa wa kutazamwa kweli! Nywele zilikuwa zimewasimama kama viota vya korongo. Mashujaa wenye mikuki walikuwa wakisukumana kama ndama kwenye maji, wote wakimlilia mtu mmoja aliyekaa juu ya jiwe akinoa wembe wake.

"Lugendo, kaka yangu, mimi nina mtoto mchanga sijamwona!"

"Mimi mama yangu anaumwa!"

"Mama yako si yule pale anakupungia mkono?"

Kishosha akawapenya wote kwa mabega, akaketi mbele ya jiwe. Watu wakasogea kutazama, maana kila mmoja alijua Kishosha akitoka hapo anakwenda kwa nani.

"Unajua nikitoka hapa naelekea wapi," Kishosha akasema.

"Najua."

"Na majina niliyokuita njia nzima hujayasahau."

"Mengine yalinichekesha. Inamisha kichwa."

Kishosha akainama. Ng'ambo ya pili Nyamizi alitazama bila kupepesa. Wembe ulipita kisogoni, ukazunguka sikio, ukarudi kwenye paji. Nywele zilianguka moja kwa moja, wala tone la damu halikuonekana.

"Mwache tu amkate sikio kidogo," shangazi yake Nyamizi alinong'ona. "Kidogo tu, la ukumbusho!"

Lakini Lugendo akampangusa Kishosha kichwa kwa kitambaa, akamwambia, "Nenda salama." Kishosha akavuka mto kwa kishindo, mkuki begani, na Lugendo akabaki na jeshi zima mbele yake. Nyamizi akaona mambo yanaharibika. Akakamata upindo wa nguo yake, akapita njia ya mkato ya mashambani.

Alifika nyumbani akihema, akaketi karibu na mama yake. Punde Kishosha akainama mlangoni na kuingia, na kile kichwa kikang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Mzee Igunza akampokea kwa mikono miwili. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye kile kichwa, ukapapasa mbele, ukapapasa nyuma.

"Hakukukata?"

"Hata wembe wenyewe sikuusikia, mzee. Nilitaka kusinzia."

Mzee Igunza akajipapasa na yeye. Mkewe akakohoa. Yeye ndiye aliyemkanda makovu yale siku za kurudi vitani, na alijua vizuri kwamba hakuna hata moja la adui.

"Baba," Nyamizi akasema, "niruhusu nimuulize mgeni neno."

"Uliza."

"Kaka Kishosha, kesho utafanya nini?"

"Kesho? Kesho nitapumzika."

"Na keshokutwa?"

"Nitawasimulia watu vita vyetu."

"Na masimulizi yakiisha?"

Kishosha akataka kujikuna nywele, akakuta hazipo. "Nitangoja vita vingine."

"Watemi wameoleana, kaka yangu. Mkuki utangojea wapi?"

Nje, jogoo akawika bandani, na mzee Igunza akageuka bila kupenda, akatazama mlangoni. Mkuki wake ulikuwa palepale, umelala mshazari mbele ya kuku, maana asubuhi ile Nyamizi alikimbilia mtoni bila kuwafungulia, na ncha imeota kutu.

"Baba," Nyamizi akasema taratibu, "vita huisha, nywele huota. Kichwa hicho ulichokishika kimenyolewa leo. Mwezi ukiandama kitakuwa kimerudi kwa mwenye wembe."

Mama yake ndiye aliyeanza kucheka. Kishosha akamfuata, akacheka mpaka mkuki ukamponyoka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na majivuno tu. "Wallahi, mzee, hata mimi nitamrudia! Mkono kama ule nitaupata wapi?"

Mzee Igunza hakucheka. "Nipeni fimbo yangu."

"Unakwenda wapi na jua hili?" mkewe akauliza.

"Mtoni. Kichwa kinaniwasha."

Alipovuka mto askari wakampisha, maana alikuwa mzee. Akaketi mbele ya lile jiwe, akavua kofia. "Yahesabu makovu hayo, kijana. Ukiongeza hata moja, binti simtoi."

Mkono ule ambao haukutetemeka vita vizima, hapo ulitaka kutetemeka. Lugendo akainua macho, akamwona Nyamizi, aliyekuwa amemfuata baba yake, amesimama ng'ambo, ameinua mkono wake juu, umetulia kama tawi siku isiyo na upepo. Akavuta pumzi, akaanza. Alipita katikati ya makovu yale kama mtu apitaye kwenye mihogo ya jirani bila kuvunja hata shina. Alipomaliza, mzee Igunza alijipapasa kwa muda mrefu, kisha akatazama kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Haya," akasema. "Lete washenga. Na waje wamenyolewa."

Wakaoana. Lugendo hakukosa kazi tena maisha yake yote. Mtoto akizaliwa ni yeye wa kumnyoa nywele za tumboni, bwana harusi ni wake, na matanga yakianuliwa ndiye aliyeitwa. Je, Kishosha? Alingoja vita msimu mmoja, akangoja wa pili. Siku mama yake alipouangalia ule mkuki mrefu kisha akaliangalia banda lake la kuku, Kishosha hakungoja tena. Aliuchukua mpaka kwa mhunzi, ukarudi ukiwa nyembe. Akaenda kwa Lugendo, akafundishwa, na watu wakampenda mno, kwa sababu anayenyolewa hana pa kukimbilia, na Kishosha alikuwa na vita vizima vya kusimulia.

Bibi Mwashi akaishia hapo, akapuliza makapi.

Mihambo alikuwa akijipapasa kichwa bila kujijua. "Kwa hiyo, bibi, niende jeshini nikawe kinyozi?"

"Nani kasema kinyozi? Nchi inataka walinzi, na ukishika bunduki nitakuombea. Lakini katika hayo uliyoulizwa, tazama kwanza ni lipi litakaloendelea kuota siku ya amani."

Kabula ndiye aliyesema, "Daraja letu la kwenda gulioni limebebwa na maji tena. Kila masika linabebwa."

Mihambo akatazama upande wa mto. "Na kila masika tunavuka kwa kamba," akasema polepole. Kisha akatabasamu, akaitoa karatasi yake mfukoni. "Kabula, nipe kalamu. Nimekumbuka, walisema wajenzi wa madaraja bado ni wachache."

"Na bunduki?" Kabula akamtania.

"Bunduki watanifundisha pia, usiwe na shaka. Ila ndugu yangu," akasema, akimtazama bibi kwa pembe ya jicho, "vita huisha, nywele huota."