Nungunungu Ahesabu Wanywaji wa Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale alikuwepo Nungunungu, bingwa wa kuhesabu. Tabia zake ni zangu. Nikimcheka, jueni najicheka.

Kiangazi kimoja ikavuma habari: bwawa la wanyama si salama. Wahame au wabaki? Bwawa jingine lilikuwa mwendo wa siku tatu. Mama Paa alikuwa na mtoto mchanga. Siku tatu bila maji, angemfia njiani.

"Niachieni mimi," akasema Nungunungu.

Akakaa kwenye njia ya bwawa. Kila anayepita, kokoto kifuuni. Ko! Ko! Ko! Juzi ishirini. Jana arobaini.

"Wanywaji wameongezeka maradufu! Bwawa ni salama."

"Babu, umemuuliza nani?" akasema Kwale.

"Kokoto haisemi uongo, mjukuu wangu. Nyinyi mnasema."

Kwale akaenda kuuliza, tiki tiki tiki. Akarudi analia. "Tuhame! Paa kaona mamba! Swala kaona mamba! Ngiri kaona wawili!"

"Upande gani? Saa ngapi?"

"Sikuuliza, Babu. Nililia nao."

Wakazozana, we! Mama Paa akapaza sauti: "Mwanangu ulimi umekauka, nyinyi mnabishana! Asubuhi nakurupushwa kabla sijameza. Jioni narudi tena."

"Na mimi," akasema Swala.

"Na mimi," akasema Ngiri.

Miiba ya Nungunungu ikalala. "Kumbe wanyama ni wale wale ishirini. Nimewahesabu mara mbili, kwa mbwembwe."

Wakaketi pamoja. Kwale akauliza: ulikurupushwa wapi, lini? Nungunungu akapanga kokoto, moja kwa kila aliyekurupushwa. Kwenye matete asubuhi, kokoto ishirini. Kwenye mawe jioni, hakuna hata moja.

"Mamba ni mmoja, na ni wa matete," akasema Kwale.

"Na wangu wawili?" akauliza Ngiri.

"Uliona mkia, ukakimbia. Ukageuka, ukaona kichwa."

Wakacheka kwa! kwa! kwa! Jioni ile wakanywa penye mawe. Mtoto wa Paa akanywa, gu, gu, gu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Funzo ni hili: hesabu, kisha uliza, kisha viweke viwili hivyo pamoja. Mimi kwenye msiba wa shangazi niliandika daftarini wageni mia na nne, bila kosa. Sikumuuliza hata mmoja atalala wapi. Mama mkwe wangu akalala jikoni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mama mkwe bado anaisimulia yake.