Ghala Lisilo na Fukusi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa shindano la mfalme.

Na mshindi je?

Tulieni, mtamsikia.

Hapo kale, fukusi walipokuwa wakila mahindi kabla ya wenyewe, mfalme alipigisha mbiu: "Masika yakikaribia nitapita kukagua. Mwenye ghala lisilo na fukusi hata mmoja, nitampa ng'ombe wa maziwa."

Watu wakachanganyikiwa. Na aliyewashinda wote kwa kuchanganyikiwa ni Sefue, mume wa Nambua.

Akachota mahindi, akayatia majivu. Fukusi wakala. Akachota mengine, akayatia pilipili. Fukusi wakala, wakapiga chafya, wakaendelea. Akachota mengine, akayafukiza mwarobaini mpaka hata kuku wakayakataa. Fukusi wakala.

"Baba Nakiete," akasema Nambua, "yale ya mwisho yalikuwa mbegu."

"Usihangaike, mke wangu. Ng'ombe anakuja."

"Ndiye tutakayempanda shambani?"

"Sema polepole. Majirani wataisikia dawa yangu."

Jamani, dawa gani? Nambua alikwenda kuomba mbegu kwa jirani wa juu, akakuta mahindi yameishia kwenye majivu. Kwa jirani wa chini, majivu. Kwa wifi yake, majivu, tena wifi akayafunika kwa ungo asiyaone. Kijiji kizima kimefanya kosa lilelile, kila mtu ndani kwake, kwa siri. Mmoja tu angefungua mdomo, wengine wangebaki na mbegu. Lakini nani afungue, na ng'ombe ni mmoja?

Mawingu yalikwisha kutanda. Nambua akarudi mikono mitupu, akachukua ufagio, akafagia ghala mpaka pembeni, akakaa mlangoni.

Mfalme akaja. Ghala la kwanza, fukusi. La pili, fukusi. La tatu, wakamwingia kwenye mikono ya kanzu. Akafika kwa Nambua. Ghala tupu, linang'aa.

"Mahindi yako wapi?"

"Mfalme, kwani mbiu ilitaja mahindi?"

Mpiga mbiu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Ilitaja ghala lisilo na fukusi. Karibu utafute."

Mtaka cha mvunguni huinama, naye mfalme akainama. Akapekua, akatoka na vumbi magotini.

"Mleteni ng'ombe," akasema, kama aliyemeza mwiba.

"Ng'ombe kaa naye. Mimi nataka mbegu, za kijiji chote."

"Zenu ziko wapi?"

"Zimeishia kwenye shindano lako. Kila nyumba imejaribu kwa mahindi yake, wewe umejaribu kwa mdomo. Ghala lililobaki na kitu ni lako tu."

Washauri wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke huyu hana adabu. Mfalme hakuwasikiliza. Alikuwa akiwaza: hawa wasipopanda, mwakani nitaletewa nini? Akaagiza ghala lake lifunguliwe.

Mbegu zikagawiwa, matone ya kwanza yanadondoka. Watu wakakimbilia mashambani. Sefue peke yake amesimama.

"Mke wangu, ungemchukua tu yule ng'ombe. Dawa iliyoshinda si yangu?"

"Dawa ipi?"

"Ya kumaliza mahindi."

Nambua alimtazama mwanamume huyo, akatazama mvua, akaona mvua ndiyo yenye haraka. Akamtia jembe mkononi, akamwonyesha tuta.

Ngano yangu nami nimeilima mpaka mpakani. Mwenye jembe aendelee, mwenye mdomo akapeleke umbea.