Mafua ya Mzee Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na kiwanja!

Kiwanja cha nani?

Cha mwenye sugu magotini!

Haya, kaeni vizuri. Wewe pale nyuma, funga mdomo ufungue masikio, maana mimi nikisimulia sirudii.

Hapo kale wanyama wa nyika walikuwa na mchezo wao, mchezo wa koche. Koche mnalijua, lile tunda la mkoche, gumu, ukigongwa nalo kichwani unasikia ko! Basi mmoja analirusha, mwenzake amesimama na rungu, analipiga. Likienda mbali, watazamaji wanapiga vigelegele. Likianguka karibu, watazamaji wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mchezo wenyewe ni huo tu. Lakini walivyoupenda, weee!

Mkuu wa Michezo alikuwa Mzee Ngiri. Msidhani alipewa ukuu wakati wa raha. Aliupata mwaka mbaya. Wachezaji walikuwa wamegombana juu ya vyakula vilivyoletwa na watazamaji, huyu anasema changu, yule anasema changu, wakatupa marungu chini, kila mtu akaenda kwake. Kiwanja kikaota nyasi, zikapanda mpaka zikafunika mgongo wa ngiri. Hakuna vigelegele, hakuna koche, hakuna mtu.

Mzee Ngiri alisimama mbele ya zile nyasi akaona uchungu kweli. Hakuwa na jembe, ana pembe zake mbili za mdomoni tu. Basi akapiga magoti. Akang'oa. Akasogea. Akapiga magoti. Akang'oa. Akasogea. Jua likimchoma, akapiga magoti, akang'oa, akasogea.

Wapita njia wakamcheka. "Mzee, unamlimia nani?"

"Nawalimia nyinyi," akasema, na pembe zimejaa nyasi.

Magoti yakachubuka, yakapona, yakachubuka tena, mwisho yakaota sugu. Na kiwanja kikawa cheupe. Kidogo kidogo wanyama wakarudi. Leo anakuja huyu kuchungulia, kesho anakuja na ndugu yake. Bingwa wa siku zile alikuwa Pongo, kijana mpole wa jamii ya swala, mwenye mkono mwepesi. Alikuwa akipiga koche, ko! linavuka kiwanja, linatua ukingoni mwa mto. Watazamaji wanafurahi, wanaacha vikapu vyao vya matunda, wanaenda zao.

Ndipo akaja Bwana Nyati.

Nyati huyu alikuwa na nguvu, na tumbo lake halijui kushiba. Alipoona vile vikapu akameza mate. Akaenda porini akachimba mzizi mchungu unaoitwa mtutumua. Ukiutafuna asubuhi, kacha kacha kacha, shingo inavimba tutu! mikono inavimba tutu! nawe unakuwa na nguvu za ajabu mpaka jua lizame. Jua likizama, nguvu nazo zinazama, na kesho lazima utafune tena.

Nyati akaingia kiwanjani, shingo hiyo! Koche likarushwa. Kwaa! Vuuuuu! Likapita kiwanja. Likapita ukingo. Likavuka mto! Watu wakapandwa na wazimu. Kesho yake wakaja wengi zaidi, keshokutwa wengi zaidi ya hao, na vikapu vikajaa mpaka vikamwagika.

Sasa nisikilizeni hapa. Ngiri anakula nini? Mizizi. Baba yake alikula nini? Mizizi. Nyika yote ile hakukuwa na pua inayojua mizizi kama pua ya Mzee Ngiri. Siku ile ya kwanza Nyati alipita mbele yake, akahema, na harufu ya mtutumua ikampiga Mzee usoni. Moyo ukamwenda paa! Akaufungua mdomo ili aseme.

Akautazama umati. Watoto wamebebwa mabegani, mama wanarusha khanga juu. Akazikumbuka zile nyasi na ule ukimya wake. Akaufunga mdomo.

Jioni Pongo akamfuata. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mwenzangu anatafuna kitu. Wewe una pua. Hujanusa?"

Mzee Ngiri akatazama pembeni. "Mimi nina mafua."

Pongo akasimama kidogo, akaondoka. Lakini watazamaji sasa walikuwa wanamcheka, koche lake haliendi mbali tena, basi naye akaenda porini akachimba. Kacha kacha kacha. Mwili wa pongo si wa nyati, jamani. Miguu ikavimba ikagoma kurudi. Bingwa akawa anachechemea, na mchezo ukamshinda.

Wengine wakaja kuuliza. "Mzee Ngiri, hunusi kitu?" Nina mafua. "Mzee, hata upepo huu hunusi?" Mafua, ndugu zangu, mafua. Kiangazi mafua, masika mafua. Na msiniulize wale watazamaji walikuwa na pua gani, tutafika huko.

Miaka ikaenda, Mzee Ngiri akazeeka, zamu yake ikafika mwisho. Wanyama wale walikuwa na desturi yao. Mkuu wa Michezo akimaliza hajengewi nyumba wala hapewi zawadi. Anapewa wimbo. Siku ya kukabidhi rungu, manju anasimama katikati ya kiwanja anamwimbia wimbo mmoja, na alichoimbiwa siku hiyo ndicho watoto wataimba, na watoto wa watoto. Na rungu la ukuu linachukuliwa na yule aliyepiga koche mbali kuliko wote siku hiyo. Mnaona mambo yanakokwenda? Nyati alikuwa ameshaanza kupangusa mdomo.

Manju alikuwa Bi Pimbi. Mdogo, hana mkia, lakini akipaza sauti kutoka kwenye jiwe lake mlima mzima unamsikia. Siku moja kabla ya kukabidhi, akaja mpaka shimoni kwa Mzee Ngiri.

"Hodi, Mzee wangu. Nimekuja kuuliza. Kesho nikuimbeje?"

Mzee Ngiri akayatazama magoti yake. Alikuwa amelisubiri swali hilo maisha yake yote, na sasa limekuja hakujua alifanye nini. "Niimbe mwenyewe utakavyo, mwanangu. Niimbe kama unavyonijua."

"Nakujua kwa magoti," Bi Pimbi akasema. "Je, niiimbe na pua yako?"

"Pua yangu ina mafua."

Lakini sauti ilimkatika, na machozi yakaanza kushuka kwenye vile vinundu vya usoni, tii, tii, tii.

"Mzee, mafua gani haya yanatokea machoni?"

Bi Pimbi akamtazama, akamwonea huruma. Akanyanyuka. "Mzee, leo usitoke hapa. Kaa mlangoni kwako. Na ukiulizwa kitu, jibu kama unavyojibu siku zote."

Akaenda akachukua kipande cha muhogo, muhogo huu huu wa shambani, akakipaka shubiri mpaka kikawa kichungu, akakifunga kwenye jani, akapita karibu na Nyati huku anakificha kwapani. Anakificha, lakini anaacha kidogo kionekane.

"We Pimbi! Umeficha nini?"

"Hamna kitu, Bwana Nyati."

"Nimekuuliza umeficha nini!"

"Lo! Bwana mkubwa, huu si wako. Ni mtutumua wa kule mlimani, baba wa hii mitutumua mingine. Nampelekea Kiboko, naye kesho anataka kupiga."

Alipomtaja Kiboko tu, Nyati akaunyakua. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Mchungu! Akafurahi. "Masharti yake?"

"Utafune kesho asubuhi, peke yake. Ukiuchanganya na ule wako utapasuka, na mimi sitaki lawama."

Nyati alikuwa mlafi lakini si mjinga kabisa. Akaenda mbio mpaka mlangoni kwa Mzee Ngiri. Akamsogezea mzizi puani. "Nusa huu. Ni wenyewe?"

Mzee Ngiri akavuta pumzi. Muhogo! Muhogo mtupu, na shubiri juu yake. Nyuma ya mguu wa Nyati akamwona Bi Pimbi amekaa juu ya jiwe, ametoa macho. Pua ikamwasha, kicheko kikamjia, akajikaza.

"Bwana Nyati," akasema, "mimi nina mafua."

"Ah! Wewe na mafua yako!" Nyati akacheka, akaenda kulala na muhogo wake.

Kesho yake kiwanja kikafurika. Nyati akautafuna muhogo wote, kacha kacha kacha, akasubiri shingo ivimbe. Akasubiri. Shingo imetulia tu. Labda wa mlimani unachelewa, akajiambia, akaingia na rungu. Koche likarushwa. Nyati akajipinda, akapiga kwa nguvu zake zote.

Tih!

Koche likaanguka mbele ya kwato zake. Kisha mtoto mmoja akacheka, kwi! na umati wote ukaangua kicheko.

"Rusha tena!" Likarushwa tena. Tih! "Tena!" Tih!

Nyati akapandwa na hasira, akalitupa rungu, akamgeukia Bi Pimbi mbele ya watu wote. "Tapeli wewe! Umenipa mzizi wa uongo! Mimi nimetafuna mtutumua wa kweli miaka yote hii, sijaacha hata siku moja, naujua unavyofanya kazi! Huu si wenyewe!"

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana. Nyati akabaki mdomo wazi, akisikia maneno yake mwenyewe. Na kwa sababu hakutaka kuzama peke yake, akanyoosha kwato. "Na yule pale alijua! Ngiri alijua!"

Umati wote ukageuka. Katikati yao akatoka Pongo, anachechemea, akaja akasimama mbele ya Mzee Ngiri. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kweli ulikuwa unanusa?"

Ilikuwa rahisi sana. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, limezoea njia. Bi Pimbi alikuwa tayari amesimama kwenye jiwe, na wimbo wa magoti umeshamjaa kifuani. Mzee Ngiri akilisema hilo neno tu, wimbo mzuri unakuwa wake milele.

Akaitazama ile miguu ya Pongo iliyovimba.

"Sina mafua," akasema. "Sijawahi kuwa na mafua. Nilinusa tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Niliogopa nyasi zitarudi. Wewe ulikuja kwangu ukiwa mzima, nami nikakufukuza kwa mafua yangu. Nisamehe, mwanangu."

Pongo akaitazama miguu yake. "Mzee," akasema, "mimi miguu bado inaniuma."

"Najua."

Hapo kelele zikalipuka. Hawa wanasema, mwimbie aibu, mnafiki huyu! Wale wanasema, mwimbie sifa, bila yeye tungecheza wapi? Wakavutana, wakasukumana, nusura wapigane. Na Nyati? Nyati alipoona macho hayako kwake akachomoka, pu pu pu pu, akaenda kujificha kwenye matope. Mpaka leo ukimtazama usoni anakutazama kama unamdai kitu.

Bi Pimbi akapaza sauti, wote wakanyamaza. Akaimba:

Magoti, magoti ya Ngiri,
yaling'oa nyasi tukacheza.
Pua, pua ya Ngiri,
ilinusa ikanyamaza.
Na zetu je, na zetu je?
Zilinusa tukashangilia!

Basi kila mmoja akajishika pua. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Maana harufu ile, tuseme ukweli, ilikuwa inafika mpaka kwa twiga.

Mzee Ngiri akalichukua rungu la ukuu, akapiga magoti, akamkabidhi Pongo. Mshindi wa siku hiyo hakupatikana, na hakuna aliyepinga. Pongo akalipokea. Akampa mkono Mzee ainuke, lakini Mzee hakuinuka. Ameona jani moja la nyasi karibu na mguu wake. Akaling'oa. Akasogea.

Na mpaka leo ngiri akila anapiga magoti, mmemwona wenyewe.

Wimbo nao upo. Watoto wanauimba, ila watoto wana vichwa vyao. Siku nyingine wanaanza na pua, wanazishika, wanacheka wee, wanatawanyika kabla ya kufika kwenye magoti. Siku nyingine wanaanza na magoti, wanayapiga pale pale vumbini, na pua wanaisahau. Mzee Ngiri jioni anakaa mlangoni kwa shimo lake, amechoka, ametega sikio. Anawasikia wanakuja njiani. Anashika pumzi. Hajui leo wataanza na kipi.

Mafunzo? Mnataka mafunzo pia! Haya. Funzo ni kwamba mafua ni kitu kizuri sana. Mafua yalimpa Mzee Ngiri umati, mafua yalimdanganya Nyati, mafua yangempa na wimbo mtamu kama asingeyaponya kwa haraka namna ile. Kwa hiyo, wanangu, mkimwona mkubwa anatafuna kitu, pigeni chafya mkae kimya.

Mnacheka nini sasa?

Hadithi nimeitua hapa, mzigo umeniishia kichwani. Aliyenogewa aende nayo kwao. Asiyenogewa, aseme ana mafua.