Fundi Cherehani Aliyekataa Kidonge

Kaeni vizuri, maana leo nawapeleka wodini. Ninyi kule nyuma mnaosinzia, hii ni yenu hasa.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Miaka arobaini alikanyaga cherehani, akawashonea watoto wa mji mzima sare za shule, mpaka goti la kulia likaisha kabisa. Madaktari wakamwekea goti jipya la chuma. Wakamwambia wazi kwamba lisipokunjwa siku hizi za mwanzo, litakakamaa. Sasa niambieni, mtu anayekanyaga cherehani, goti likikakamaa atakula nini?

Nesi wa wodi ile, dada mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, akamweleza utaratibu. "Baba, hivi ni vidonge vya kupunguza uvimbe. Utameza mara tatu kwa siku ukishakula, uumwe usiumwe. Tukiuwahi uvimbe, sindano ya mofini tutaihitaji kidogo sana. Mofini ni dawa nzuri ya maumivu makali, lakini ikizidi utalala tu, na mimi nataka uamke tukunje goti."

Namsifu sana yule dada. Angeweza kumchoma sindano mzee akalala, wodi ikatulia, naye akapumzisha miguu. Alichagua njia yenye kazi nyingi, ya kupita na kidonge, kuuliza, kuandika, kisha kupita tena.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili asubuhi, saa ya kuona wagonjwa, wakaja watu wa kanisa kama kumi hivi, na chupa za uji na chai. Nesi akafika na kidonge. "Baba, maumivu yakoje?"

Mnajua alijibu nini? Nyinyi mngejibu nini, wazee wenzenu wamesimama wanawaangalia?

"Namshukuru Mungu, mwanangu. Sijambo kabisa. Hicho wape wenye maumivu."

Mchungaji wake akapaza sauti, "Amina! Hiyo ndiyo imani!" Wengine wote wakaitikia. Nesi akamsihi, mzee akatikisa kichwa. Mchana akakataa tena. Hakuwa mwongo wa tabia, jamani. Aliona aibu tu kuumwa mbele za watu.

Jioni goti lilivimba likawa la moto, na mzee wa kanisa akalia kama mtoto. Kidonge sasa hakikutosha. Ikabidi achomwe mofini, kisha achomwe tena. Kesho yake saa ya mazoezi ikampita anakoroma.

Alipoamka, nesi alikuwa ameketi karibu yake. Hakumgombeza. "Baba, mimi nikikuuliza hali yako, sikusalimii. Nataka kujua nikusaidieje."

Mzee akajifunika uso kwa shuka. Kisha akasema, "Linauma, mwanangu. Linauma sana, na naogopa sitashona tena."

"Asante kwa kuniambia, baba. Kunywa uji, umeze dawa, tuanze."

Wakaanza. Kidonge kwa saa yake, na ukweli kila alipoulizwa. Mofini ikabaki kabatini. Goti likakunjika kidogo kidogo, kwa jasho la wote wawili. Leo mzee yupo kibandani kwake anashona.

Na yule mchungaji aliyepaza sauti, mnataka kumjua? Ni mimi. Nilidhani namtia moyo, kumbe nilimnyima dawa yake.

Wapendwa, sisi ndivyo tunavyofanya humu ndani. Ndoa inavimba, tunasema tunamshukuru Mungu. Uchungu wa msiba unavimba, tunasema sijambo. Tunasubiri mpaka hatuwezi tena, ndipo tunapokimbilia chupa ya pombe, ngumi, au kuondoka usiku bila kuaga. Na anayeficha vizuri kuliko wote, huyo ndiye tunayempa uongozi!

Nawaomba radhi kwa sehemu yangu. Kabla hatujaimba, mgeukie aliye karibu nawe, umuulize anaumwa wapi. Akikuambia, usikimbilie kumsifu. Kaa naye.