Kipande cha Keki

Wapendwa, Biblia tutazifungua baada ya kitambo. Kwanza nisikilizeni.

Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyemfanyia mama yake sherehe ya kutimiza miaka themanini. Alikodi turubai, muziki na wapambaji, mama naye akashonewa gauni la rangi ya dhahabu.

Wiki ile ya sherehe mama alimshika mkono. "Mwanangu, kifua kinanibana. Nipeleke hospitali."

"Vumilia kidogo, mama. Hela yote imeshaingia kwenye shughuli yako. Ikipita tu, tunakwenda."

Mama akauachia mkono wake. Ungemjibu nini mtoto anayekuambia haya yote ni kwa sababu anakupenda?

Siku ikafika. Wakamkalisha mbele, kwenye kiti kilichozungushiwa maua. Wageni wakapanga mstari wakicheza, kila mmoja akimwekea zawadi mapajani. Mama katulia. Inzi akatua mdomoni mwake, akatembea taratibu mpaka pembeni ya jicho. Jicho halikupepesa.

"Mama leo furaha imemzidi!" mshereheshaji akapaza sauti. "Hata maneno yamemwishia!" Vigelegele vikapigwa.

Ikaja keki. Mwana akakata kipande, akamlisha. Kipande kikabaki palepale, katikati ya midomo. Akakisukuma kwa kidole huku akiichekea kamera. Kidole kikagusa ulimi, na ulimi ulikuwa wa baridi.

"Mama?"

Muziki ulikuwa juu. Akaita tena. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akainuka, akamgusa shingo.

"Waambie wazime muziki, baba," akasema. "Huyu kaondoka kitambo. Mimi nilipompa mkono nilidhani ni baridi ya feni."

Turubai halikushushwa. Msiba ulianza chini ya mapambo yaleyale, na vyakula vilivyopikwa vikaliwa na waombolezaji.

Mnamsikitikia yule mwana? Tujisikitikie sisi. Ni wangapi hapa tumemsherehekea mtu mbele ya umati, na nyumbani hatumsikii? Huyo binti wa kipaimara unayemkodia ukumbi, viatu vyake vya shule vikoje? Sikatazi furaha, Bwana wetu mwenyewe alikwenda harusini. Lakini kabla hujaalika watu, keti na huyo unayetaka kumsherehekea, umuulize anahitaji nini. Na umpe hicho kwanza.

Muulizeni leo mkifika nyumbani, akiwa angali anaweza kujibu.